Kilima Kilichokataa Kuitwa Somerset

Tarehe 3 Agosti 1858 msafara mdogo uliotoka Kaze, mji tunaouita leo Tabora, ulikuwa ukipanda polepole kilima kirefu kisicho na mwinuko mkali. Aliyeuongoza alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza wa miaka 31, John Hanning Speke, macho yakimsumbua kwa maradhi. Pamoja naye alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo akafikishwa India, na ambaye sasa ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Mzungu huyo. Wawili hao walizungumza Kihindustani. Walipofika kileleni wakayaona maji yametandaa mbele yao hadi upeo wa macho.

Katika masimulizi yake Speke alieleza kwamba kilima kile hakikuwa na jina la wenyeji, na kwa hiyo yeye atakiita Somerset.

Hapo msomaji wa Mwanza ana haki ya kusita. Kilima kisicho na jina, katika nchi ya watu wanaochunga ng'ombe na kulima mtama, nchi ambamo hata jiwe la kukalia wachungaji lina lake? Speke mwenyewe, mstari uleule, aliandika kwamba walikuwa wametoka Isamiro, jina ambalo wakazi wa jiji wanalitamka kila siku wanapopanda daladala za Isamilo. Jina lilikuwapo. Lililokosekana labda ni mtu wa kuulizwa, au subira ya kuuliza.

Somerset ni kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Ukoo wa Speke ulikuwa na nyumba yake huko, iliyoitwa Jordans. Siku nne kabla ya kupanda kilima, yaani tarehe 30 Julai, alikuwa ameliona kwa mara ya kwanza tawi la maji lililojipenyeza kusini katikati ya vilima, akalipa jina la nyumba hiyo: Jordans Nullah. Neno hilo la pili ni la Kihindi, lenye maana ya kijito au korongo, kwa sababu bwana huyu alikuwa ametumikia jeshi la Bengal. Na visiwa alivyoviona kutoka kileleni akaviita Funguvisiwa la Bengal. Kwa juma moja tu, kipande cha Usukuma kikawa, kwenye karatasi yake, mchanganyiko wa kijiji cha Somerset na kambi ya jeshi ya India.

Majina hayo matatu yamekufa. Hakuna mkazi wa Mwanza anayeyajua, wala hayamo kwenye ramani inayouzwa dukani. Jina la nne, Victoria, alilolipa ziwa lenyewe kwa heshima ya malkia wake, ndilo lililonusurika, na limenusurika kwa kiasi ambacho huenda hata yeye asingekitarajia.

Alikaa ziwani siku tatu tu. Hakulizunguka, hakulivuka, mashua hakuwa nayo. Alichemsha maji, akapima joto la mchemko kwa kipimajoto, na kwa njia hiyo ya kijikoni akakadiria kwamba ziwa liko futi zipatazo 3,740 juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134. Zigeuze futi zile ziwe mita uone: alikosea kwa mita sita hivi. Alimtembelea Mahaya, mtemi wa Muanza, akauliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini. Mtu mmoja aliyeulizwa aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa, akaalisha vidole mara kadhaa kuonyesha kitu kisichopimika, kisha akasema hakuna ajuaye, lakini huenda linafika mwisho wa dunia. Kwa ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800, hilo si jibu la kuchekwa.

Tazama jinsi alivyoliandika jina la mahali: Muanza. Vijiweni husimuliwa kwamba jina la jiji lilitokana na Wajerumani walioshindwa kutamka Nyanza, ziwa, ulimi ukawateleza likawa Muanza. Ni hadithi tamu, na kila anayeisimulia hucheka anapofika kwenye ulimi wa Mjerumani. Tatizo lake ni kalenda. Speke aliandika Muanza mwaka 1858, zaidi ya miaka 30 kabla bendera ya Kijerumani haijasimikwa ufukweni. Kama kuna ulimi ulioteleza, basi uliteleza mapema zaidi, na mwenye ulimi hakutoka Berlin. Kwamba Mwanza na nyanza ni ndugu hakuna ubishi mkubwa. Kumpa Mjerumani sifa ya kubatiza ndiko kunakoleta shaka.

Hata jina la watu wenyewe lina mkasa wake. Sukuma, kwa lugha ya wenyewe, ni kaskazini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao Basukuma, watu wa kaskazini, na dira hiyo ikageuka kuwa kabila. Ndani ya Usukuma dira iliendelea kufanya kazi: Kiya ni mashariki, Dakama ni kusini, Ng'weli ni magharibi, na lahaja za Kisukuma hutambuliwa kwa pande hizo. Kwa hiyo yule Msukuma wa kusini ni, kwa tafsiri ya neno kwa neno, mtu wa kaskazini wa kusini. Yeye haoni ajabu yoyote. Jina humweleza mtu kwa kadiri ya pale alipo anayemwita, na hilo lilijulikana hapa kabla ya kuja ramani za wageni.

Wageni wengine walifuata, kila mmoja na mfuko wake wa majina. Henry Morton Stanley alifika ziwani mwishoni mwa Februari 1875, mahali paitwapo Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo. Tarehe 8 Machi akaiteremsha majini mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka pwani, akaanza kulizunguka ziwa. Ghuba pana iliyo mashariki ya Mwanza akaiita Ghuba ya Speke. Hilo ndilo jina linalotumika hadi sasa, nalo limo kwenye vitabu vya jiografia vya shule.

Aliporudi Kageye mwezi Mei alikuta makaburi. Kijana wa Kiingereza wa msafara wake, Frederick Barker, alikuwa amefariki. Alikuwa amefariki pia Mabruki, mtu mzima aliyeanza safari hizi za bara tangu msafara wa Speke na mpelelezi mwenzake Burton, na ambaye kwa utumishi huo aliongezewa jina la bwana wake: Mabruki Speke. John Hanning Speke alikuwa ameshakufa tangu Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton katika mji wa Bath, akazikwa kanisani Dowlish Wake, Somerset. Mmoja anaitwa Speke na amelala Somerset. Wa pili anaitwa Speke na amelala kando ya ziwa. Ghuba ilipewa jina kwa ajili ya yule wa kwanza. Mwandishi wa makala haya angependa kudhani kwamba mawimbi hayajui tofauti.

Kageye ilikuwa bandari kabla Mwanza haijawa mji. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi hapo, pembe za ndovu na watumwa vikipita. Hapo ndipo walipofikia mapadri wa White Fathers kutoka Algeria mwishoni mwa Desemba 1878, wakiongozwa na Padri Léon Livinhac. Mwezi Februari 1879 Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walikuwa wameshaingia Buganda. Ukatoliki wa Uganda, pamoja na mahujaji wote wanaojaa Namugongo kila Juni, uliondokea kwenye ufukwe huo wa Magu, na ukiuliza barabarani si wengi watakaokuonyesha.

Waanglikana walitangulia kidogo, na walilipa kwa damu. Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill wa chama cha wamisionari cha CMS waliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877, wakiwa wameingia katikati ya ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro, mjenzi wa majahazi. Wazungu wakalipa jina la marehemu lile tawi refu la maji linalopita mbele ya Mwanza: Smith Sound. Nalo limekufa. Leo ni Ghuba ya Mwanza, basi.

Lililogoma kufa ni jiwe.

Anayefika Mwanza kwa meli huliona kabla ya mji: mawe makubwa yamepandana juu ya maji karibu na kivuko cha Kamanga, la juu limekaa kama mtu aliyechuchumaa akakataa kuinuka. Itale hiyo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nayo ni ya gamba la kale kabisa la Afrika. Ziwa lililo chini yake ni mtoto mchanga, kwani wanajiolojia wengi wanaamini kwamba lilikauka na kujaa upya miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Wajerumani wakaliita Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck aliitisha Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, lakini Afrika hakuikanyaga hata siku moja. Aliondolewa kwenye ukansela Machi 1890, miezi michache kabla Emin Pasha, wakala wa Wajerumani, hajasimika kituo cha Bukoba upande wa pili wa ziwa. Mwanza yenyewe kama mji wa serikali huhesabiwa kuanzia 1892.

Waingereza waliitwaa Mwanza tarehe 14 Julai 1916. Wakabadilisha bendera, fedha na lugha ya makarani. Jiwe wakaliacha na jina lake. Baada ya Uhuru mitaa ikavalishwa majina mapya ya Afrika iliyoamka: Kenyatta, Lumumba, Rwagasore mwana wa mfalme wa Burundi. Jiwe likaachwa tena. Sasa limo kwenye fulana na kalenda na matangazo ya hoteli, na wapiga picha wa ufukweni wanalitamka Bismaki, kama vile ni jina la mjomba wao wa Misungwi. Ziwa linapojaa, kama lilivyojaa mno mwanzoni mwa miaka ya 1960 na tena mwaka 2020, maji hupanda miguuni mwa mzee huyo, kisha hushuka.

Pamba nayo ina mkasa wake wa herufi. Mkulima wa Kwimba au Magu akitaja mbegu aliyopanda atakwambia UK82, UK91, au siku hizi UKM08. Mgeni hufikiri pamba hiyo imetoka Uingereza. UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa miaka ya 1930 kusini ya jiji, katika wilaya ya sasa ya Misungwi, ambacho kwa vizazi viwili vya wakulima ndicho kilichoamua nyuzi za pamba ya Kanda ya Ziwa ziwe ndefu kiasi gani na mmea uvumilie ugonjwa gani.

Zao hilo lilihitaji njia. Kabla ya 1928 njia hiyo ilikuwa ndefu ya kuzunguka: marobota yalipanda meli hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwa imefika tangu 1901, kisha yakashuka Mombasa. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na mji ukageuza uso kutoka Kenya ukaitazama Dar es Salaam.

Mizani ndiyo iliyozaa siasa. Wakulima walikuwa na yakini kwamba wanunuzi wanawapunja uzito, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kusimamisha watu wao kando ya mizani wahakiki. Kutoka kwenye ulinzi huo wa mizani kikakua chama cha ushirika, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kikiongozwa na kijana Paul Bomani, baadaye Waziri wa Fedha na balozi nchini Marekani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwishaona hatari: TANU ilinyimwa usajili Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Lakini mtu hawezi kuizuia pamba isipimwe, na kila siku ya mnada ilikuwa mkutano. Kufikia Uhuru ushirika huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika. Baadaye ukawa Nyanza Cooperative Union, jina la ziwa likarudi kwa wenyewe. Mjini kuna Barabara ya Pamba, na timu ya Pamba ambayo mwaka 2024 ilirejea Ligi Kuu baada ya miaka mingi ya kuchezea chini.

Majina yaliyozaliwa na wakazi wenyewe hayana heshima kama hiyo ya kalenda, ila yana kazi ndani yake. Makoroboi, katikati ya jiji, ni pale mafundi walipogeuza makopo na mabati chakavu kuwa koroboi za mafuta ya taa. Umeme ulifika, jina likabaki. Mwaloni ni ufuko wanakotia nanga wavuvi. Mwaloni wa Kirumba ni soko ambalo dagaa wake hupakiwa magunia kwa magunia kwenda hadi Kongo. Kisiwa cha Saanane kinawachanganya wageni, wanaodhani kuna kitu kinachotokea hapo saa nane mchana. Ni jina la mtu: Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima hapo kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndani ya mipaka ya jiji, jambo adimu. Serikali ya kikoloni ilimpa Bismarck jiwe. Mvuvi alijipatia hifadhi ya taifa nzima bila kuomba.

Utajiri wa ziwa, hata hivyo, uko chini ya maji, na huko ndiko mchezo wa majina ulikoenda mbali zaidi.

Mvuvi wa Mwanza wa miaka ya 1970 alikuwa na sato, ningu, kamongo, kambare mumi, gogogo, domodomo, na alikuwa na furu. Furu ni samaki wadogo wenye miiba, wengi kuliko hesabu, chakula cha maskini na cha watoto wenye ndoana za pini. Kwa mvuvi, furu ni furu. Ila wale wa kwenye miamba, wenye rangi za kuchanua, waliitwa mbipi. Mwaka 1977 wakaja watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, wakaanza kuchuja Ghuba ya Mwanza kwa nyavu na kuhesabu miiba na meno. Walichokiona kiliwashangaza: furu hawakuwa samaki mmoja. Ziwa zima lina aina zaidi ya 500, nyingi hazipatikani penginepo duniani, zote zimechipuka kwa muda ambao kwa hesabu ya jiolojia ni kama jana. Mmoja alikula konokono tu, mwingine magamba ya wenzake, mwingine mayai na vifaranga aliowanyonya kutoka kinywani mwa mama zao.

Wataalamu walikuwa bado wakitafuta majina ya Kilatini yatakayowatosha wakati samaki wenyewe walipoanza kutoweka. Sangara alikuwa amepandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akafurika kusini. Ni samaki anayeweza kumpita mtu uzito. Akawala furu, na aina zipatazo 200 zikadhaniwa kupotea. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika habari hiyo kwa Kiholanzi mwaka 1994, katika kitabu kinachosomeka kama msiba wa ukoo.

Kati ya waliopona yumo mmoja mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa njano, mkazi wa visiwa vya mawe vya ghuba hiyo. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu aling'atuka, wataalamu wa Leiden walimtangaza rasmi kwa jina la Haplochromis nyererei. Ndiyo, kuna samaki aitwaye Nyerere. Mwaka 1998 akahamishiwa kwenye jenasi mpya, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari ya jamaa yake. Ukoo mwingine wa samaki wa miamba ukaitwa Mbipia, kutokana na mbipi ya wavuvi. Miaka 140 baada ya Speke kukiona kilima kisicho na jina, wataalamu wa Ulaya waliuliza wavuvi, wakaandika walichoambiwa. Na samaki huyu wa Mwalimu ana tabia ya kutia huruma: jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa safi ukoo hubaki safi; yakichafuka kwa tope na mbolea, jike haoni vizuri, akachanganya.

Sangara akaleta msamiati wake. Viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Mwanza kuanzia miaka ya 1990 vilipeleka nyama Ulaya, na kilichobaki, kichwa na mifupa, kikaitwa mapanki na kuuzwa mitaani kwa wasiomudu mnofu. Kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi kwa ajili ya soko la Kongo. Bondo, kile kifuko cha hewa cha ndani ya samaki, lilitupwa zamani. Wachina wakajua thamani yake, na sasa kilo ya mabondo huizidi kilo ya minofu kwa mbali. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliyaonyesha mapanki hayo kwa ulimwengu na kuzua hasira: mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Mwanza ilibishana kuhusu filamu hiyo kwa miaka. Mapanki yaliendelea kukaangwa.

Ukitoka jijini kwa barabara ya Musoma unafika Kisesa, na kando yake Bujora. Hapo padri Mkanada, David Clement, alianzisha katika miaka ya 1950 parokia yenye kanisa la duara kama nyumba ya mtemi, na makumbusho ya ngoma, viti na silaha za watemi wa Usukuma. Serikali ilipoufuta utemi mwaka 1963, vitu hivyo vilikuwa tayari vina pa kukaa. Wasukuma walimpa jina la kwao, Fumbuka.

Kila mwaka mwezi Juni, baada ya mavuno, Bujora huwaka kwa Bulabo. Neno lenyewe ni maua, yale yanayotandazwa njiani siku ya Ekaristi Takatifu, na nyuma ya maandamano ya sakramenti hufuata mashindano ya mbina, yaani ngoma, ambayo ni ya kale kuliko parokia. Pande ni mbili: Bagika na Bagalu. Husimuliwa kwamba zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani mwenye samba kali zaidi, samba ikiwa dawa ya kuvuta watazamaji. Hakuna jaji mwenye kalamu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na umati huamua kwa miguu: wanakojazana watu ndiko kwenye ushindi. Bagalu wana bugobogobo, ngoma ya majembe yanayorushwa na kudakwa, iliyotokana na kulima kwa pamoja. Bayeye, kundi la wachezea nyoka, huja na nyoka mzima, chatu au swila, na umati hupanuka haraka kuliko ulivyokusanyika.

Katika familia pia jina ni kumbukumbu. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija. Tanzania nzima imeyaazima mawili ya kwanza, hata kwa wasiojua neno jingine la Kisukuma. Mabula na Kabula walizaliwa mvua ikinyesha. Nzala alizaliwa wakati wa njaa, mwaka ambao nyumba iliishi kwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Ukiwapanga wazee wa kijiji kimoja kwa majina na umri, unapata kitabu cha hali ya hewa.

Ukerewe kisiwa kina kumbukumbu ya aina nyingine. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, na kabla ya Victoria ndicho kilichobeba jina la ziwa zima: ramani ya wamisionari wa pwani ya miaka ya 1850 iliandika bahari ya Ukerewe, kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa na wasafiri wa misafara. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mtu na mkewe wasio na mtoto. Ndani yake kuna kila kitu: namna ya kupika pombe, kuvua, kutibu, kuomboleza, kuomba msamaha ukweni. Hakuna mchapaji aliyeitaka kwa lugha hiyo. Mzee akaigeuza Kiswahili mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980, na Kitereza akafariki 1981 kabla nakala hazijafika mikononi mwake.

Maji haya pia yanazika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea mji iliopewa jina lake, ilizama karibu kabisa na Mwanza, vilima vya mji vikionekana. Waliokufa walipita 800. Wengi wamelazwa Igoma, penye mnara. Jina la meli hiyo halikupewa nyingine.

Mkoa umegawanywa mara kadhaa tangu enzi za Jimbo la Ziwa. Geita ilijitenga mwaka 2012, Simiyu nayo ikachukua kipande, na sensa ya 2022 ilihesabu katika Mwanza iliyobaki watu 3,699,872. Zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji, kwa hiyo kwa miaka mingi safari ya Sengerema ilikuwa safari ya kungoja: foleni ya mabasi na malori Kigongo, wauza mahindi ya kuchoma, mgonjwa ndani ya gari akihesabu dakika, kisha kivuko hadi Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la kilomita tatu juu ya ghuba hiyo. Kwa gari ni dakika chache tu.

Rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli. Utingo wa mabasi wanaliita Busisi. Upande wa kusini, ukichungulia dirishani, maji hupungua upana na kujipenyeza kati ya vilima: ni tawi lilelile ambalo Speke aliliona Julai 1858 akaliita kwa jina la nyumba ya kwao Somerset. Abiria aliyeketi karibu, kama ni mzee wa Usukuma, ukimuuliza maji hayo yanaitwaje atakutazama kidogo kuona kama una akili timamu, kisha atakujibu: nyanza.